Mmehesabu Mvua

Ofisini kwa Bibi Miti hukuketi hivi hivi. Alikusimamisha mlangoni, akakuonyesha kiti, akakuambia kwanza unakwenda kukalia nini. Viti vyake vilikuwa vipande vya magogo, vimekatwa kwa msumeno na kupigwa msasa mpaka pete zote za ndani zinaonekana. "Hicho ni mkaratusi wa sokoni, uliangushwa na upepo. Hicho kingine ni mgrevilea, ulikufa kwa ukame. Ukalie taratibu." Mtu amekuja kuomba kibali cha kusafirisha mbao, ana haraka zake, lori linanguruma nje, na huyu mama anamwambia akalie taratibu kitu kilichokwisha kufa. Wengine walisimama tu mpaka mhuri ukagongwa.

Mimi nilikuwa jirani yake. Cherehani yangu ilikaa barazani, ikitazamana na mlango wake pale Mugumu, na kwa miaka mingi nilimwona yeye kuliko nilivyomwona mama yangu mzazi. Jina lake nalijua, lakini nikiliandika hapa nitaona kama namwandika mtu mwingine. Alikuwa ofisa misitu, na mji mzima ulimwita Bibi Miti. Kuna watoto walioamini kabisa kwamba ndivyo alivyobatizwa.

Namwandika kwa sababu ya mti mmoja wa nyumbani kwetu Machochwe. Baba alipofariki, mama alibaki na shamba la bondeni, lile ambalo hata kiangazi linashika unyevu. Ndilo lililotulisha na ndilo lililoninunulia cherehani. Miaka ikapita, kisha baba mdogo, mdogo wake baba, akasimama kusema shamba ni lake, kaka yake aliazimwa tu. Kwetu mtu hapandi mti kwenye ardhi ya kuazima. Aliyepanda mti ndiye mwenye shamba, na hilo hata mtoto analijua. Mpakani pale palikuwa na msederela mmoja mkubwa. Baba mdogo alisema aliupanda yeye, kwa mikono yake, mwaka mmoja baada ya mazishi. Mama alisema uongo mtupu, ulipandwa na baba akiwa hai. Hakuna aliyekuwa na kitu kingine cha kuonyesha. Mama akishindwa, anahama, na ahamie wapi? Kwangu, kwenye chumba kimoja nyuma ya cherehani, yeye na ng'ombe zake!

Nitafika huko. Kwanza mumjue aliyekuja kuusoma mti huo alikuwa mtu wa namna gani, maana msipomjua mtadhani nawapiga kamba.

Mkoba wake ulikuwa na Biblia, kitambaa cha jasho na koleo. Koleo lilikuwa la kung'olea misumari. Jamani, huyu mama alichukia misumari kwenye miti! Akiona tangazo la mganga au picha ya mgombea imepigiliwa kwenye mti wa barabarani, anasimama hapo hapo, jua kali hivyo, anang'oa. Chama gani, hajali. Siku moja kijana wa kampeni alimjia juu: "Mama, hiyo ni picha ya mheshimiwa!" Akamkabidhi picha kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akamwambia, "Mshikilie wewe mwenyewe. Mti hauna mikono ya kukataa." Kijana akaondoka na mheshimiwa wake kwapani.

Alikuwa na hasira za karibu. Aliwahi kuikamata mashine ya kukatia miti ya fundi mmoja aliyeangusha mti kando ya mto bila kibali. Fundi alipoifuata ofisini, alimkuta Bibi Miti ameikalia, anakula mahindi ya kuchoma. Walizozana pale tangu asubuhi mpaka watu wa chai wakawa watu wa chakula cha mchana, na mimi sikushona hata pindo. Mwisho wake alimfundisha yule fundi mti gani ukate na upi uuache, wakaachana wanacheka. Mpaka leo fundi huyo akiniona huniuliza, "Yule mama yetu mkali hajambo?"

Msidhani alikuwa malaika. Mtu aliyehubiri misitu wiki nzima alipikia mkaa. Nilimshika kwa macho yangu, gunia limeegemea mlango wake wa uani. "Bibi Miti, na mkaa?" nikamuuliza kwa furaha kabisa. Akanitazama. "Kwani mimi nikila mbichi ndiyo misitu itapona? Nina njaa kama wewe." Halafu maua. Alipanda maua kwenye makopo ya rangi barazani kwake, na yote yalikufa. Yote! Aliyajua magonjwa ya kila mti wa wilaya, lakini kopo la ua halikumaliza mwezi mikononi mwake. Nilimtania, akasema miti inapenda kuachwa na maua yanapenda kubembelezwa, na yeye kubembeleza hajui.

Hakuwa mtu wa huku, lakini kichuri alikijua. Mchuzi ule mchungu wa utumbo, ambao wageni wengi hukunja uso wakiunusa tu, yeye alikunywa bakuli na kuomba la pili. Kwaya aliimba kwa sauti kubwa kuliko wote na nje ya sauti kuliko wote, na mwalimu wa kwaya hakuthubutu kumwambia.

Kitu kimoja hakuna aliyekipata kutoka kwake, nacho ni umri wake. Wanawake wa saluni waliwekeana dau la soda. Mmoja akajipa moyo, akamuuliza waziwazi. Bibi Miti akainua mkono, akaonyesha kiuno chake unene wote. "Nikate uhesabu," akasema. Alipokuja kustaafu ndipo tulipojua, maana serikali hairembeshewi miaka, na ikaonekana wote tulikuwa tumemzidishia.

Wateja wangu wakisubiri nguo, alivuka kuja kuwafundisha, wapende wasipende. Aliokota kipande cha tawi kwenye kuni za mama ntilie, akakilambia kidole gumba, akakisugua. Hapo pete zinajitokeza. "Watu wanadhani mti unanenepa kutoka katikati," alisema. "Hapana. Katikati pamekufa zamani, pamebaki kuushikilia tu usianguke. Mti unaishi huku nje, chini ya gamba, kwenye utando mwembamba wenye majimaji. Mvua ikinyesha, utando huo unatengeneza mbao harakaharaka, nyepesi, nyeupenyeupe. Kiangazi kikiingia, unabana matumizi. Mbao inakuwa nyembamba na nyeusi. Weupe na weusi wake, hiyo ni pete moja. Mwakani tena, kwa nje yake."

"Kwa hiyo mti ni maiti iliyovaa nguo hai?" nikamuuliza.

"Wewe utaona nguo tu kila mahali, Ghati. Lakini ndiyo."

Sasa turudi Machochwe. Wazee wa baraza la ardhi walisikiliza kesi ya mama na baba mdogo mara nyingi, na kila mara neno lilikuwa dhidi ya neno. Mwisho mzee mmoja akasema, mti wenyewe ndio ushahidi, ukatwe uhesabiwe. Pete moja mwaka mmoja, ndivyo kila mtu alivyofundishwa shuleni. Baba mdogo akakubali mbio, mama akakubali kwa shingo upande. Msederela ukaangushwa, umekatwa chini kabisa karibu na udongo. Vijana wakapiga magoti na kipande cha mkaa, wakatia alama pete baada ya pete. Zikawa ishirini na sita.

Baba alikuwa amefariki miaka kumi na minne kabla ya siku hiyo. Hesabu gani tena hapo? Upande wetu tulipiga vigelegele, mimi mpaka koo likauma. Baba mdogo akasema mti una uchawi. Wazee wakasema kabla ya kuamua aje mtaalamu athibitishe, na mimi nikajitia kimbelembele: namjua, ni jirani yangu, kesho nitakuja naye.

Alishuka kwenye bodaboda, akakiona kisiki, hata salamu akasahau. "Nani amesema ukatwe?" Watu wakamgeukia yule mzee. "Mngeniita kabla. Nina keekee yenye uwazi ndani. Natoboa kitundu, natoa kijiti chembamba kama penseli, nahesabu, na mti unabaki umesimama hapo hapo!" Nilidhani atalia. Kisha akakaa chini kwenye udongo na gauni lake zuri, akalamba kidole gumba, akaanza kusugua. Alisugua muda mrefu, anainama mpaka pua inagusa mbao. Alipoinua uso alikuwa ameshatulia.

"Mmehesabu mvua," akasema. "Hamjahesabu miaka."

Akaeleza. Kuna nchi zina msimu mmoja wa kukua kwa mwaka, na huko pete moja ni mwaka mmoja, ndiyo hiyo ya vitabuni. Lakini sisi tuna vuli na tuna masika. Vuli inanyesha, mti unaweka mbao nyeupe. Januari jua linakausha, unaweka mstari mweusi. Masika inakuja, nyeupe tena. Kiangazi kirefu, nyeusi tena. Mwaka mmoja, pete mbili.

Baba mdogo alikuwa ameshasimama. "Kwa hiyo gawa kwa mbili!" Ishirini na sita kwa mbili ni kumi na tatu. "Nilisema nini mimi? Nilisema nini? Mwaka mmoja baada ya mazishi!" Sasa vigelegele vikahamia upande wa pili. Mama aliketi pale na kanga yake mdomoni, wala hakunitazama. Nilitamani ardhi ipasuke imeze mtu, na mtu mwenyewe alikuwa Bibi Miti.

Nikamvuta pembeni. "Mama, umekuja kutusaidia au kutumaliza?"

"Nimekuja kusoma."

"Ni shamba la mama yangu!"

"Najua. Na mimi leo nikisoma unavyotaka wewe, kesho nikisoma nani ataniamini?" Akatoa mkono. "Una pini za nguo hapo?"

Pini ninazo siku zote. Akazichukua, akarudi kwenye kisiki, akasema kwa sauti kila mtu asikie: "Kugawa kwa mbili nako ni uvivu. Kuna miaka vuli haiji kabisa, na mwaka huo mti unaweka pete moja tu. Mimi naweza kuionyesha kwenye mbao, maana mstari wa Januari ni mwembamba na wa kiangazi ni mzito. Lakini sitaki mniamini mimi. Nani hapa anaijua mvua ya hapa?"

Watu wote, wa kwetu na wa kwao, waligeuka kumtazama baba mdogo. Tufanyeje, ndiye aliyeijua. Maisha yake yote alikuwa mtu wa ng'ombe. Asiyejua mvua hana ng'ombe, na zake zilikuwa nzuri kuliko za wote. Naye akafurahi kuulizwa, hilo lilionekana usoni. Akashika fimbo yake, akaja mpaka kisikini.

Walianzia kwenye gamba, wakarudi ndani. Mwaka jana? Zote mbili zilinyesha. Bibi Miti akapima pete mbili, akachoma pini. Mwaka juzi? Zote mbili. Pini. "Huo unaofuata ni mwaka wa viwavi," baba mdogo akasema, "vuli ilikataa kabisa, majani yakaisha, nikahamisha ng'ombe mpaka Mbalibali." Bibi Miti akainama, akatikisa kichwa kukubali. Pete moja tu. Pini. Wazee wa upande wetu wakaulizwa, wakasema ni kweli, ndio mwaka ambao binti fulani aliolewa na harusi ikakosa maziwa.

Wakaendelea hivyo. Nilimwona baba mdogo akisahau kabisa kinachohesabiwa. Alikuwa amerudi machungani. Alisema ng'ombe gani alizaa lini, kisima gani kilikauka, wapi alilala na mifugo, na kila aliposema vuli ilikataa, mbao nayo ilisema hivyo hivyo. Miaka ya namna hiyo ikawa minne. Wale vijana wa mkaa walikuwa wameacha mdomo wazi. Pini zangu zilikaribia katikati.

"Na hii?" Bibi Miti akauliza. "Ya mwisho huku ndani, mti ulipoanza."

"Hiyo masika ilikuwa nzuri," akasema baba mdogo. "Nyasi zilifika kiunoni. Ndio mwaka kaka alipoanza ku..."

Fimbo yake ikasimama juu ya mbao.

Bibi Miti hakumsaidia. Alizihesabu pini mbele ya watu, polepole. Zilikuwa kumi na tano. Mti ulipandwa baba akiwa hai, mgonjwa, mwaka mmoja kabla hajatuacha.

Baba mdogo angeweza kudanganya, nimewaza hilo mara nyingi. Mwaka mmoja hapa, mwaka mmoja pale, angesema vuli ilinyesha, na wazee wangapi wangembishia yeye kuhusu mvua? Lakini haikumpitia hata akilini. Sasa alikitazama kile kisiki kilichochomwa pini, kisha akamtazama mama.

"Shimo nilichimba mimi," akasema. "Sikudanganya."

"Hujadanganya, shemeji," mama akajibu. "Yeye alikaa kwenye kigoda, hana nguvu, akakuonyesha kwa fimbo pa kuchimba."

Baba mdogo akatoka nje ya mduara wa watu, akasimama mbali kidogo, ametupa mgongo. Wazee wakasema shamba ni la mama, na upande wetu hakuna aliyepiga kigelegele. Bibi Miti alikuwa bado anang'oa pini moja moja, ananirudishia. "Kisiki msiking'oe," akasema kwa ile sauti yake ya kwaya. "Msederela ukikatwa haukubali kufa. Utachipua. Acheni chipukizi moja, mengine yaondoeni, na mbuzi wasifike." Nikageuka kumtafuta baba mdogo. Alikuwa ameshaondoka.

Mama alipata shamba, lakini alimpoteza shemeji. Yule mtu aliyekuwa akipeleka ng'ombe za mama machungani pamoja na zake, aliyekuja kila Jumapili kunywa uji, hakukanyaga tena. Wakikutana kisimani anapitia njia nyingine. Hakuwa na hasira, angekuwa nayo tungemzoea. Ilikuwa aibu, na aibu ya mtu mzima huwezi kwenda kumvua. Ilimuuma mama. Aliniambia wazi, "Nimeshinda kesi na nyumba imekuwa kubwa."

Bibi Miti alistaafu, akajenga Morotonga. Nilikwenda kumtembelea masika ya mwaka huu. Nimemkuta amepungua, anatembea na mkongojo aliouchonga mwenyewe, na barazani kwake makopo ya maua yamejipanga, yamekauka vilevile. Hata sikuwa nimemaliza shikamoo. "Marahaba. Kisiki kinaendeleaje?"

Nikamwambia kimechipua, chipukizi limeshanipita urefu. Nikamwambia pia jambo lingine: kwamba limezungushiwa ua wa miiba, na kila miiba ikioza, mtu tusiyemwona anazungushia mipya pale. Mbuzi hawajawahi kuligusa. Mama akiulizwa ni nani, anasema labda malaika, na anageukia sufuria yake.

"Malaika wa Machochwe wana panga?" akasema Bibi Miti. "Nipeleke."

Tulifika asubuhi, manyunyu yanaanguka. Tukateremka bondeni mimi, yeye na mama, mama amemshika mkono. Na pale kisikini, ameinama, panga limelala kwenye majani, mikono imejaa matawi ya miiba, tukamkuta baba mdogo. Hakuwa na pa kupitia. Nyuma yake mto umejaa, mbele yake sisi.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Miiba bado ameishika.

Bibi Miti akapita kana kwamba tulikuwa na miadi. Akaingiza mkono katikati ya miiba, akaushika mti mchanga, akabonyeza gamba kwa kidole gumba. "Hapa," akasema. "Chini ya hapa, sasa hivi tunavyoongea, pete ya masika hii inatengenezwa. Nene. Mmeutunza vizuri." Kisha akamgeukia baba mdogo, na nikauona ule uso wake wa kuchokoza watu niliouzoea barazani. "Haya, tumalize mapema. Mkija kugombana tena na mimi sipo, huu nao mtasema ameupanda nani?"

Nilitamani kumfunga mdomo. Baba mdogo aliweka tawi la mwisho mahali pake, akalikanyaga kwa kiatu mpaka likashika. Akafuta mikono kwenye koti. Alipomjibu alimtazama mama.

"Kaka ndiye aliyepanda," akasema. "Mimi nilichimba tu."

Mvua ilikuwa imeanza kuongezeka. Mama akajifunika kanga kichwani, akamwokotea panga lake kwenye majani, akampa.

"Twende, shemeji," akasema. "Uji unapoa."